Mama ameanguka mara mbili: je, tumzuie asitembee?

Binti wa Bombo ameuliza:

Assalamu alaikum ndugu zangu, na salamu kwenu nyote. Naomba ushauri kuhusu mama yetu mzazi, mwenye umri wa miaka 78, ambaye anaishi Bombo pamoja na mjukuu wake anayesoma sekondari, huku sisi watoto tukiwa tumetawanyika kati ya Kampala na Arua.

Katika miezi hii michache mama ameanguka mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa alfajiri, alipoinuka kitandani ili akatie udhu. Anasema alishikwa na kizunguzungu, macho yakaingia giza, na alipopata fahamu vizuri alijikuta yuko sakafuni. Mara ya pili alianguka uani baada ya mvua, akiwa na ndoo ndogo ya maji mkononi na kandambili miguuni. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwamba hakuvunjika mfupa, ila alichubuka kiwiko na paja likavimba, na tangu siku hiyo anatembea akipapasa ukuta.

Sasa familia imegawanyika. Kaka yetu mkubwa anasema mama asiende tena shambani wala msikitini, na kwamba tumtafutie binti wa kazi atakayemletea kila kitu pale alipo, hadi chombo cha kujisaidia usiku. Dada yangu anataka tumnunulie kitanda cha hospitali chenye vyuma pembeni, na tena amesikia kuna sindano ya vitamini D inayoimarisha mifupa kwa mwaka mzima. Mimi naona mama ameanza kunyong'onyea. Shamba lake la mihogo na maharage, na mazungumzo na wenzake baada ya swala ya Ijumaa, ndiyo yanayomchangamsha.

Anatumia dawa mbili za presha, mojawapo ikiwa ile inayomfanya akojoe mara kwa mara, na kuna vidonge vya usingizi ambavyo amekuwa akinunua katika duka la dawa lililo karibu. Jicho la kushoto lina ukungu. Uwezo wetu ni mdogo, na mama bado hapati ile ruzuku ya serikali kwa wazee. Je, kaka ana haki ya kumzuia? Na kama pesa ni kidogo, tuanze na lipi?

Muuguzi wa Mbale amejibu:

Wa alaikumu ssalaam dada, na pole kwa mama. Umefanya vyema kueleza kila mara alivyoanguka, kwa sababu matukio hayo mawili yana vyanzo tofauti, na kila kimoja kina dawa yake. Wengi hutuambia tu kwamba "mzee ameanguka, ni uzee", kisha wanarudi nyumbani bila kuuliza alikuwa akifanya nini, saa ngapi, na alijisikiaje muda mfupi kabla ya kuanguka.

Hilo la alfajiri, mtu kuinuka kitandani macho yakaingia giza, linanifanya nifikirie presha kushuka ghafla anaposimama. Mtu akisimama, damu huteremka miguuni, na mwili hupaswa kuibana mishipa mara moja ili ubongo usikose damu. Kwa wazee hatua hiyo huchelewa, na dawa za presha, hasa ile ya kukojoza, huweza kuichelewesha zaidi. Kipimo chake hakina gharama: mama alale chali kwa dakika 5, apimwe presha, kisha asimame na apimwe tena baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini ikishuka kwa 10 au zaidi, tatizo limeonekana. Nasikitika kusema kwamba katika vituo vingi mzee hupimwa akiwa amekaa tu, akaambiwa presha iko sawa, akaenda zake. Ombeni wenyewe apimwe akiwa amesimama, na msione haya kulisisitiza hilo.

Akikutwa na hali hiyo, msimwachishe dawa kwa uamuzi wenu, kwa maana presha iliyopanda huleta kiharusi. Daktari anaweza kupunguza dozi, kubadilisha dawa au kubadilisha saa ya kuimeza. Wakati huohuo mama ajizoeze kuinuka kwa hatua: akae kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe nyayo juu na chini mpaka ahisi kichwa kimetulia, ndipo asimame huku ameshika kitu kisichoyumba, na asianze kutembea kabla hajawa imara. Anywe maji ya kutosha mchana. Kwa kuwa ni mama wa Kiislamu, nitaongeza kwamba kabla ya Ramadhani ni lazima azungumze na daktari kuhusu kidonge hicho cha kukojoza, maana kukimeza na kufunga siku nzima bila maji kunaweza kumwangusha hata mtu aliye imara kuliko yeye.

Sasa vidonge vya usingizi. Hapa ndipo ninapokuwa mkali, mnisamehe. Tafadhali mleteni muuguzi au daktari pakiti yenyewe aisome. Mara nyingi nikiuliza huletewa diazepamu, au Piriton ambayo watu huinunua kwa mafua na mwasho kisha wakaona inaleta usingizi. Zote mbili humfanya mzee ayumbe usiku na awe mzito wa akili asubuhi, na hatari inakuwa kubwa zaidi zikikutana na dawa za presha. Kama ni diazepamu na ameitumia kwa muda mrefu, isikatwe kwa siku moja. Hupunguzwa kidogo kidogo chini ya uangalizi.

Kuhusu kaka, naelewa kwamba anampenda mama na anaogopa. Hata hivyo, njia anayoitaka itamwangusha mama haraka zaidi. Misuli ya mapaja ndiyo inayomshika mtu anapojikwaa, na misuli isiyotumika huisha upesi kwa wazee. Utafiti mdogo wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007 uliwalaza kitandani wazee wenye afya nzuri kwa siku 10 tu, nao wakapoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Mkimketisha mama miezi mitatu, siku atakayoinuka kwenda chooni peke yake, na kwa hakika ataijaribu siku hiyo, miguu haitambeba.

Kinachosaidia kuliko vyote ni mazoezi. Mapitio ya mwaka 2019 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio 108 kutoka nchi mbalimbali, yalionyesha kwamba mazoezi hupunguza kuanguka kwa takriban asilimia 23, na yenye manufaa hasa ni yale ya kuujaribu uthabiti wa mwili mtu akiwa wima. Tafuteni kiti cha mbao kizito, kisiwe cha plastiki kwa sababu huteleza, na mkiegemeze ukutani. Mama asimame kutoka kitini na kukaa tena, ikiwezekana bila kujisukuma kwa mikono, akirudia mara chache kisha akiongeza wiki baada ya wiki. Baadaye ashike ukingo wa meza, ainue visigino na kusimamia vidole, kisha asimame mguu mmoja ukiwa mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akizoea, ashike kwa kidole kimoja. Mjukuu awe pembeni yake. Mazoezi haya yafanywe siku nyingi za wiki na yasiachwe akishapata nafuu, kwa sababu faida yake huondoka pale yanapoachwa.

Mkitaka kujua kama anaendelea vizuri, pimeni mita 3 kutoka kwenye kiti na mweke alama sakafuni. Akiwa amekaa, mwambieni ainuke, aende hadi kwenye alama kwa mwendo wake wa kawaida, ageuke, arudi na kukaa, nanyi mhesabu kwa saa ya simu. Akichukua sekunde 12 au zaidi, yumo katika hatari ya kuanguka. Rudieni kila baada ya wiki kadhaa.

Jicho lenye ukungu lipelekwe kliniki ya macho. Huenda ni mtoto wa jicho, ambaye huondolewa kwa upasuaji mfupi, na kumwondoa kumeonekana kupunguza kuanguka kwa wazee.

Kitanda chenye vyuma sikishauri. Mzee mwenye akili timamu anayetaka kwenda chooni atavipanda vyuma hivyo na kuanguka kutoka juu zaidi. Sindano ya vitamini D ya mwaka mzima nayo iacheni: katika utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2010, wanawake wenye miaka 70 na zaidi waliopewa dozi moja kubwa kila mwaka walianguka na kuvunjika mifupa zaidi kuliko wale ambao hawakupewa. Pesa ya kitanda na sindano itengenezeni bafu na njia ya uani.

Fundi Masese amejibu:

Nakubaliana na muuguzi, nami niongeze upande wa ujenzi, kwa kuwa ndiyo kazi yangu hapa Jinja na nimefanya nyumba kadhaa za wazee.

Watu wengi wakipata pesa ya kumkarabatia mzazi nyumba humwekea vigae vinavyong'aa. Vigae hivyo vikishalowa maji na sabuni havina huruma na mtu yeyote. Kama bafu la mama ni la saruji, na saruji hiyo ilisuguliwa ikawa laini, fundi aikwaruze na kupiga tabaka jipya jembamba, kisha kabla halijakauka apitishe ufagio mgumu juu yake ili libaki na mistari inayoshika mguu. Mistari ielekee kwenye tundu la maji, na sakafu iwe na mwinamo kidogo ili maji yasituame.

Halafu kuna mshikio. Tumieni kipande cha bomba la chuma ambalo kiganja cha mama kinaweza kulizunguka vizuri, kiwekwe usawa wa kiuno chake pale anapoingilia, na kingine kando ya choo. Jambo la kuangalia sana ni namna kinavyofungwa. Nimeona mishikio iliyofungwa kwa skrubu kwenye plasta tupu, ambayo siku mzee anapoishika kwa uzito wake wote inang'oka na ukuta pamoja. Tofali litobolewe, ncha za bomba zizamishwe ndani na kujazwa zege, na mshikio usiguswe kwa siku kadhaa huku zege likimwagiwa maji. Kabla mama hajauamini, kijana mwenye nguvu auning'inie kwanza.

Kama choo ni cha shimo na mama anachuchumaa, hapo ndipo wazee wengi hupata taabu, si kwa kushuka bali kwa kuinuka. Kiti cha mbao chenye tundu na miguu minne mipana, kinachokaa juu ya shimo, seremala yeyote anaweza kukitengeneza. Kiwe na kimo ambacho nyayo zake zinakanyaga chini zote.

Njia ya kutoka nyumbani hadi chooni mwagieni kokoto ndogo na mzishindilie, kwa sababu ule udongo mwekundu ukinyeshewa huteleza kama samaki aliyetoka ziwani, na msichimbe mtaro wa maji kukatiza njia hiyo. Angalieni pia ngazi za mlangoni. Ikiwa moja ni fupi au ndefu kuliko nyingine hata kwa upana wa vidole viwili, mguu unaoizoea ile ya kwanza utajikwaa kwenye ya pili. Sawazisheni, kisha mpake rangi nyeupe kwenye kingo zake, na mweke taa ya sola karibu na kitanda mahali mkono wake unapofika akiwa amelala.

Mzee wa Tororo amejibu:

Wanangu, nimesoma yote kwa makini. Nina umri unaokaribiana na wa huyo mama, na ningependa kusema neno moja kutoka upande wetu.

Katika maelezo yote ya binti yetu sijaona mahali ambapo mama mwenyewe aliulizwa. Mmoja anataka afungiwe, mwingine anataka anunuliwe kitanda, nawe binti unamtetea, na hilo nakushukuru. Lakini ni nani aliyekaa naye mkekani akamwuliza anaogopa nini, na anataka kuendelea kufanya nini? Mtu mzima aliyewalea ninyi nyote akiona mipango inafanywa juu ya kichwa chake, huanza kuficha. Ataanguka na asiseme. Atakwenda shambani wakati mjukuu yuko shuleni, haraka haraka asionekane, na haraka hiyo ndiyo itakayomdhuru.

Mwambieni kaka yenu, kwa heshima, aende akamsikilize. Huenda mama atakubali mwenyewe kuacha kubeba ndoo, akakubali viatu vyenye mkanda wa nyuma badala ya kandambili, akaswali alfajiri nyumbani msimu wa mvua na kwenda msikitini adhuhuri kukiwa na mwanga. Dini yetu imemruhusu asiyeweza kusimama aswali ameketi, na hakuna mzee asiyelijua hilo. Lakini mwacheni aamue yeye ni swala ipi ataswali ameketi. Jambo alilolichagua atalishika hata msipokuwepo.

Mjukuu wa Arua amejibu:

Mmezungumzia kuzuia, na ni vyema. Naomba niongeze kuhusu la kufanya endapo ataanguka tena, kwa sababu nilimwuguza bibi yangu aliyevunjika nyonga na najua jinsi dakika za kwanza zinavyovuruga watu.

Msimkimbilie na kumvuta kwa mikono. Mwacheni alale kidogo, mwulizeni anaumia wapi. Akilalamikia kinena au nyonga, akashindwa kuukanyagia mguu, na hasa mkiona mguu mmoja umekuwa mfupi na unyayo umegeukia nje, chukulieni kwamba nyonga imevunjika. Msimpandishe bodaboda. Tafuteni gari atakalolala, mguu uwe umezuiwa kwa mito, apelekwe hospitali inayoweza kupiga picha na kufanya upasuaji. Najua kwetu watu huanza kwa waunga mifupa, nao wanaheshimiwa, ila nyonga ya mzee haiungwi kwa kukandwa na kufungwa vijiti. Huhitaji kupasuliwa mapema, ikiwezekana ndani ya siku mbili, kwa kuwa kulala muda mrefu huleta vidonda, homa ya mapafu na damu kuganda miguuni.

Akigonga kichwa, msiridhike kwa kuwa ameamka akaongea. Kwa wazee damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu na dalili zikajitokeza baada ya wiki kadhaa: kichwa kuuma kisichoisha, kuchanganyikiwa, kusinzia kusiko kwa kawaida, upande mmoja kulegea. Anayetumia dawa za kuyeyusha damu apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Kama hakuumia, mfundisheni kuinuka mwenyewe. Ageukie ubavu, ajisukume hadi apige magoti na mikono, atambae mpaka kwenye kiti kizito, aweke viganja juu yake, akanyage kwa mguu wenye nguvu, ainuke na kugeuka akae. Bibi yangu, baada ya kupona, alifanya zoezi hili juu ya mkeka kila wiki, na hofu iliyokuwa imemfungia chumbani ilipungua kuliko ilivyopungua kwa maneno yetu yote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 yao wako katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati kama yetu. Tunayazungumzia haya kana kwamba ni mambo ya Japani na Ulaya kwenye wazee wengi, kumbe wanaozikwa kwa sababu hii wengi ni wa huku.

Binti wa Bombo:

Nawashukuru nyote kwa dhati, na hasa Mzee wetu wa Tororo, kwa kuwa maneno yake nimemsomea kaka kwenye simu. Tumekubaliana kwamba Jumamosi tutakwenda sote Bombo tukae na mama, na Jumatatu nitampeleka kliniki na pakiti zote za dawa. Nina swali moja lililobaki. Jirani amempa mama fimbo ya marehemu mumewe, nayo ni ndefu kidogo. Mguu wake wa kulia ndio uliovimba na ndio dhaifu. Je, aitumie, na aishike mkono upi?

Muuguzi wa Mbale:

Fimbo isiyo na kimo chake inaweza kumyumbisha, kwa hiyo ikatwe kwanza. Asimame wima akiwa amevaa viatu anavyotembelea, mikono ining'inie, na kichwa cha fimbo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Chini ivalishwe mpira, na mpira ukiisha ubadilishwe. Aishike kwa mkono wa kushoto, yaani upande ulio kinyume na mguu dhaifu, na fimbo itangulie pamoja na mguu huo wa kulia. Akipanda ngazi atangulize mguu wa kushoto wenye nguvu. Akishuka atangulize fimbo na mguu wa kulia. Kliniki mwombe pia daktari aliangalie hilo paja, kwa maana uvimbe usiokwisha baada ya kuanguka unahitaji kupigwa picha, na mazoezi ya kusimama yasianze kabla ya hapo.